Mkanda wa kinga ubavuni mwa boti ya pontuni: nibandike, nipige skrubu, au niache?

MgeniWaPontuni

Habari zenu, ndugu wanajukwaa.

Nina boti ya pontuni (si pantoni la kuvusha magari, bali boti ndogo ya mapumziko) yenye mitungi miwili ya kuelea na sitaha ya urefu wa takriban mita 6.5, ambayo niliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Ubavuni haina kinga yoyote isipokuwa lile pindo jembamba la alumini linalofunika ukingo wa plaiwudi ya sitaha, na pindo hilo limekwaruzika kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), kwa kuwa gati ninaloegesha lina nguzo za mbao zilizosimama wima, na kila boti nyingine inapopita kwa kasi, mawimbi yake huisugua yangu kwenye nguzo hizo.

Mikwaruzo peke yake ningeweza kuivumilia. Kilichonifanya niandike ni kwamba paneli moja ya ua unaozunguka sitaha, upande wa kushoto karibu na lango, imebonyea ndani kiasi cha kiganja, nami sikumbuki kuwahi kuigonga kwenye kitu chochote.

Nimeona aina tatu za mikanda inayouzwa kwa ajili ya kazi hii. Ya kwanza ni ya vinili laini, huja imeviringishwa kama koili na ina utepe wa gundi mgongoni. Ya pili ni ya plastiki ngumu ya PVC, yenye mfereji wa kupigia skrubu na utambi laini wa kuzificha. Ya tatu ni reli ya alumini yenye utambi wa mpira usoni. Maswali yangu ni haya: je, mkanda ufungwe juu ya pindo lililopo au pindo liondolewe kwanza? Gundi inatosha, au ni lazima nitoboe? Na je, mkanda huo utazuia ua usibonyee tena, au ninajidanganya? Niko tayari kufanya kazi mwenyewe. Nina drili, bunduki ya ribiti na subira ya wastani.

FundiWaSitaha

Ndugu Mgeni, kabla hujachagua mkanda, lala chini ya boti ikiwa kwenye trela uangalie kilicho nyuma ya pindo hilo, kwa sababu mkanda hauwezi kuwa imara kuliko kitu ulichofungiwa. Katika boti nyingi za aina hii sitaha ni plaiwudi ya unene wa milimita 19 hivi, iliyolala juu ya mihimili ya alumini inayokatiza kutoka mtungi mmoja hadi mwingine, na pindo ni kipande cha alumini kilichokunjwa kukumbatia ukingo wa plaiwudi. Skrubu utakayopiga kutoka ubavuni itapita kwenye alumini nyembamba, kisha itaingia kwenye ukingo wa plaiwudi, yaani kati ya matabaka yake, mahali ambapo mbao hushika skrubu vibaya kuliko mahali pengine popote. Ukiikaza kidogo kupita kiasi, matabaka huachana na skrubu huzunguka bure. Kwa hiyo mimi hupendelea ribiti za alumini za milimita 4.8, zinazovutwa kwa bunduki na kushika pindo lenyewe, bila kutegemea mbao. Ila ribiti hizo zinahitaji nafasi ya kutanuka nyuma ya alumini, na pindo likiwa limebana ukingo wa plaiwudi bila upenyo, toboa kwanza, kisha ongeza kina cha tundu ndani ya mbao ili mkia wa ribiti upate pa kuingia.

Jihadhari na ribiti za bei rahisi ambazo mwili wake ni wa alumini lakini msumari wake wa ndani ni wa chuma cha kawaida. Kichwa cha msumari huo hubaki ndani baada ya kuvutwa, hushika kutu, na baada ya msimu mmoja utaona michirizi ya rangi ya chai ikiteremka ubavuni kutoka kila tundu. Tafuta zile ambazo mwili na msumari vyote ni vya alumini, au zile zilizozibwa nyuma.

Ukiamua kutumia skrubu, ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, na usizipige kavu. Chuma hicho kikigusana na alumini mahali penye unyevu, hasa maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe ukizunguka kichwa cha skrubu, kisha tundu linapanuka na skrubu inalegea. Katika maji baridi jambo hilo huenda polepole, lakini haliachi kwenda. Paka meno ya skrubu mafuta mazito ya kutenganisha metali au gundi ya kuzibia, na chini ya kichwa weka washa ya nailoni. Tena angalia kama plaiwudi yako imetiwa dawa yenye shaba ya kuzuia kuoza: shaba hiyo nayo huila alumini, na ndiyo maana wakati mwingine pindo huwa zuri kwa nje huku upande wa ndani limejaa vishimo.

Mambo mawili ya usalama. Kwanza, nyaya za taa na za pampu mara nyingi hupita chini ya sitaha karibu kabisa na ukingo, kwa hiyo zitafute kwa macho na kwa mkono kabla ya kutoboa, na weka alama ya kina kwenye keekee kwa kuizungushia utepe. Pili, usitoboe mtungi wa kuelea kwa sababu yoyote ile, hata kama kuna mtu atakuambia kwamba tundu dogo huzibika. Mtungi ni chemba ya hewa; mkanda ni wa sitaha, na huko ndiko unakokaa.

Kuhusu aina, tatizo kubwa la mikanda ya plastiki ni joto. PVC ngumu hurefuka takriban milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, ilhali alumini hurefuka milimita 0.023. Chukua ukanda wa mita 6 na tofauti ya nyuzi 30 kati ya asubuhi yenye baridi na mchana wa jua kali: PVC itarefuka karibu milimita 13, alumini chini yake itarefuka milimita 4 tu. Zile milimita 9 lazima ziende mahali. Ukikaza kila tundu, mkanda utajikunja kama nyoka kati ya skrubu na skrubu; ndiyo maana matundu ya mkanda mgumu hutobolewa marefu kidogo kwa upande, isipokuwa lile la katikati, ili plastiki iteleze. Vinili laini husamehe zaidi, na reli ya alumini haina shida hiyo kabisa, kwa kuwa yenyewe na pindo hurefuka pamoja.

Pindo lililopo liache kama ni zima. Kuliondoa ni kuamsha matundu ya zamani, na hutapata faida.

KambaTatu

Ninamheshimu mwenzangu hapo juu, lakini sikubaliani naye kwamba ni lazima kutoboa. Boti yangu ina mkanda wa vinili uliobandikwa kwa utepe wa akriliki wa pande mbili, na huu ni msimu wake wa nne. Siri yake ni maandalizi. Alumini iliyokaa nje huwa na utando wa oksidi na mabaki ya nta, na gundi ikibandikwa juu yake huwa imeshika utando huo tu. Nilisugua kwa msasa laini, nikafuta kwa spiriti kwa kitambaa kisafi mara tatu hadi kitambaa kilipoacha kuchafuka, nikabandika siku ya joto la zaidi ya nyuzi 20, nikakandamiza kwa rola ndogo sentimita kwa sentimita, kisha sikuigusa boti kwa siku tatu, kwa kuwa gundi za aina hii huongeza nguvu kwa muda na hufikia ukomo wake baada ya saa 72 hivi.

Haki ya msomaji ni kuelezwa na upande wa pili pia. Kwenye kona mbili za omo mkanda ulibanduka mwaka wa kwanza, kwa sababu vinili iliyopindwa hutaka kunyooka na hufanya kazi hiyo usiku na mchana bila kuchoka. Nilizifunga kona hizo kwa ribiti mbili mbili, na tangu hapo zimetulia. Jambo jingine ni kwamba si kila vinili inakubaliana na kila gundi: vile vilainishi vinavyoifanya vinili iwe laini husafiri polepole kuelekea kwenye gundi na kuigeuza kuwa ulimbo. Mkanda ukija na utepe wake tayari, muulize muuzaji kama umetengenezwa kwa ajili ya vinili laini. Usinunue mkanda mtupu halafu ukabandika utepe wowote ulioukuta dukani.

MzeeWaNguzo

Wenzangu wamejibu swali la jinsi ya kufunga. Mimi nataka kulirudia lile swali la tatu, kwa sababu ndilo linaloamua unene wa mkanda, na mtu akikosea unene, ufundi wote uliotajwa hapo juu utakuwa ni kupamba tu.

Kuna kusugua na kuna kugonga, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Tuseme boti yako pamoja na watu ina uzito wa kilo 1,200 na inakaribia gati kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea polepole sana. Nishati yake ni jouli 150. Mkanda wa vinili unaobonyea sentimita 1 utaisimamisha boti hiyo kwa nguvu ya wastani ya nyutoni 15,000, sawa na kuegemezewa uzito wa tani moja na nusu mahali pamoja. Dapra nzuri, yaani lile boya la mpira linaloning'inizwa ubavuni, ikibonyea sentimita 10, hufanya kazi ileile kwa nyutoni 1,500. Ukiongeza mwendo mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Kwa hiyo mkanda haukuondolei haja ya dapra; kazi yake ni kupokea msuguano wa saa nyingi wakati boti imefungwa na hakuna mtu anayeitazama.

Sasa tuje kwenye ua. Umesema nguzo zako zimesimama wima na hukumbuki kugonga. Ninaamini hukugonga kweli. Kwenye boti ya pontuni ua husimama karibu sana na ukingo wa sitaha, na watu wanaposimama wote upande mmoja, au wimbi linapopita, boti huinama. Ukingo wa sitaha tayari umegusa nguzo, hivyo kichwa cha ua ndicho kinachokwenda kuifuata. Pima vitu viwili: umbali kutoka uso wa nje wa ua hadi ukingo wa nje wa pindo, na urefu wa ua kutoka sitahani. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, nawe utajua boti yako inaweza kuinama kiasi gani kabla ua haujafika kwenye nguzo. Hilo ndilo swali ambalo unene wa mkanda unalijibu, kwa sababu kila sentimita ya mkanda inaongezwa kwenye umbali huo wa kwanza.

Na niulize jambo moja ambalo pengine litaudhi: dapra zako unazifunga wapi? Nimeona boti nyingi ambazo dapra zimefungwa kwenye bomba la juu la ua na kuachwa zining'inie katikati ya paneli. Dapra ya namna hiyo huwa haizuii kitu. Hugeuka kuwa nyundo laini inayoubonyeza ua kati ya nguzo na hewa. Inapaswa kukaa usawa wa ukingo wa sitaha, ikifungwa chini kwenye shina la ua au kwenye kishikio cha kamba kilichofungwa sitahani.

MgeniWaPontuni

Ninawashukuru sana nyote, na hasa Mzee, kwa swali lake la kuudhi. Ni kweli: dapra zangu zilifungwa kwenye bomba la juu, na moja ilikuwa inaning'inia mahali hasa palipobonyea.

Siku kumi zilizopita, kabla sijaipandisha boti kwenye trela, nilikwenda kupima. Ua umerudi ndani ya ukingo kwa sentimita 2 tu, na urefu wake kutoka sitahani ni sentimita 66. Kwa hesabu ya Mzee, boti ikiinama chini kidogo ya nyuzi 2 tu, ua umefika kwenye nguzo. Nilimwomba jirani yangu asimame nami upande wa gati, na kwa watu wawili tu tuliuona ua ukiegemea mbao. Nikiongeza mkanda wenye unene wa sentimita 4, umbali utakuwa sentimita 6, na boti italazimika kuinama zaidi ya nyuzi 5 kabla ua haujagusa. Hapo nimeelewa kwa nini ule mkanda mwembamba wa sentimita moja na nusu niliotaka kuununua usingenisaidia. Bawaba za lango nazo zimechomoza sentimita 1 nje ya uso wa ua, jambo ambalo sikuwa nimeliona.

Nimekuta pia jambo ambalo sikulitarajia. Kona ya kulia ya tezi, chini ya pindo, mbao ni nyeusi na ina unyevu ingawa boti imekaa kwenye trela siku tisa bila mvua. Je, niendelee na kazi na kufunika hapo, au kuna la kufanya kwanza?

FundiWaSitaha

Usifunike. Chukua msumari mwembamba au bisibisi nyembamba uudungedunge ukingo wa plaiwudi kutoka upande wa chini, ukianzia mahali palipo pazima ili mkono wako ujue mbao nzima inavyokataa, kisha sogea kuelekea kwenye kona. Pale ambapo ncha inazama bila kukataa, mbao imeoza. Ikiwa ni eneo la kiganja, utaweza kukata kipande na kuunganisha kingine juu ya mhimili, ukiziba kingo zote kwa epoksi. Ikiwa ulaini unaendelea mita nzima, basi swali lako si la mkanda tena, ni la sitaha, na fedha za mkanda zitakufaa zaidi huko.

Mara nyingi maji huingia kwa juu, pale pindo linapokutana na zulia au vinili ya sitaha, kisha hukosa pa kutokea. Hapa watu hukosea kwa kupenda kazi safi: huzungushia gundi ya kuzibia mkanda mzima, juu na chini, na kutengeneza mfereji unaohifadhi maji. Ziba mstari wa juu na kila tundu, na mstari wa chini uache wazi ili kilichoingia kitoke. Gundi yenyewe isiwe silikoni, kwa kuwa mabaki yake hayakubali kubandikwa kitu kingine siku ya kurekebisha. Na isiwe zile poliyurethani za kudumu zinazong'oa rangi na mbao pamoja ukitaka kubandua. Kuna poliyurethani za nguvu ya wastani zinazoziba vizuri na zinazokubali kukatwa kwa kisu.

Kwa unene wa sentimita 4 uliofikia, hesabu ya kufunga nayo inabadilika, na hapa itabidi KambaTatu aniwie radhi. Mkanda unaochomoza kiasi hicho haukai kwa gundi peke yake. Nguzo inapousugua kwenda juu na chini, kila msuguano unauvuta mkanda kama mtu anayefungua kifuniko kwa mtaimbo, na kadiri unavyochomoza ndivyo mtaimbo unavyokuwa mrefu. Tumia ribiti, kila baada ya sentimita 15, zikipishana juu na chini kama mkanda una upana wa kutosha. Kwenye zile mita mbili za katikati, ambako nguzo hugusa kila siku, mimi ningeongeza bolti ndogo zinazopenya pindo na mdomo wa mhimili wa chini pale ambapo mhimili unafika ukingoni, zikiwa na washa pana na nati za kujifunga.

Utambi wa kuziba mfereji uingize mwisho. Uloweke kwenye maji ya moto, pitisha maji ya sabuni mferejini, uusukume kwa nyundo ya mpira, na usiuvute hata kidogo. Utambi uliovutwa huingia kwa urahisi wa kupendeza, halafu usiku hurudi katika urefu wake na asubuhi unakuta pengo la vidole viwili mwishoni. Acha ziada ya sentimita chache ichomoze kwa siku mbili au tatu, ndipo ukate.

KambaTatu

Nimekubali kuhusu unene. Mkanda wangu ni wa sentimita 2 na gati langu linaelea, kwa hiyo hausuguliwi kwenda juu na chini. Ningesema tu kwamba utepe wa gundi bado una kazi hata kwenye mkanda wa ribiti: huushikilia mahali pake wakati unatoboa, ukawa kama una mtu wa tatu wa kukusaidia.

TrelaNaMaji

Ninaongeza mawili mafupi. Sentimita 4 kila upande ni sentimita 8 za upana wa boti. Kabla ya kununua, pima upana wa jumla wa boti yako ulinganishe na kiwango cha juu kinachoruhusiwa barabarani mahali unapoishi, kwa sababu boti nyingi za pontuni huundwa zikiwa zimefika ukingoni kabisa mwa kiwango hicho. Pima pia nafasi kati ya zile nguzo mbili za kuongozea zilizo kwenye trela. Kati ya nguzo zangu mimi boti ilikuwa inapita kwa nafasi ya upana wa vidole tu, na baada ya kufunga mkanda nililazimika kuzihamisha nikiwa nimesimama majini hadi kiunoni, watu wakinitazama.

La pili ni kona. Omo ya pontuni ni ya mraba au ina kona kali za mviringo, na mkanda mnene haupindi hapo bila ugomvi. Njia ya kwanza ni kuukata migongoni vipembe vidogo vya umbo la V na kuupasha joto kwa bunduki ya hewa moto hadi ulegee, kisha kuushikilia hadi upoe. Njia ya pili, ambayo ninaipenda zaidi, ni kuishia mkanda sentimita chache kabla ya kona na kufunga kofia ya kona ya mpira inayouzwa peke yake. Kona ndiyo inayopigwa kuliko sehemu nyingine zote, na kofia hiyo unaweza kuibadilisha baada ya miaka michache bila kugusa mkanda uliobaki. Maungio ya mkanda, kama huna budi kuyaweka, yaende tezini, kwa sababu ungio lililo ubavuni hudakwa na nguzo.

Nyongeza ya tatu, ingawa nilisema mawili: mpira mweusi huchora nguzo na nguo za abiria. Vinili ya kijivu haichori.

MzeeWaNguzo

Angalizo kwa wenye gati lisiloelea: maji yakishuka, mkanda mnene unaweza kuingia chini ya ubao wa mlalo wa gati, na yakipanda, boti ikabaki imenaswa hapo huku maji yakiisukuma juu. Ndugu Mgeni, kama gati lako lina ubao wa namna hiyo kati ya nguzo, pigilia mbao za wima kutoka juu hadi chini ya usawa wa maji yanapopungua kabisa, ili mkanda uwe na uso mmoja wa kuteleza. Na funga kamba mbili za mshazari, moja ikitoka omo kuelekea nyuma na nyingine ikitoka tezi kuelekea mbele. Boti isiyokwenda mbele na nyuma husuguliwa nusu tu.

MgeniWaPontuni

Narudi na taarifa. Nimedunga ukingo wote: uozo ni wa urefu wa sentimita 22, kwenye kona ya tezi peke yake, na unaishia kabla ya mhimili wa pili. Nimekwisha kukata kipande hicho na mbao iliyobaki inakauka chini ya kivuli. Epoksi itafuata ikikauka kabisa. Upana wa jumla pamoja na mkanda wa sentimita 4 unabaki ndani ya kiwango, lakini nguzo za trela itabidi nizisogeze, nami nitazisogeza nchi kavu.

Nimeamua kuchukua reli ya alumini yenye utambi wa vinili wa kijivu na kofia nne za kona. Unene wa reli hiyo ni sentimita 3, kwa hiyo nitaweka kati yake na pindo ubao wa plastiki ya polithini wa sentimita 1 kwenye zile mita za katikati zinazogusana na nguzo, ili nifikie kipimo nilichokihitaji mahali kinapohitajika. Dapra zimehamia chini tangu juzi. Gati langu lina ule ubao wa mlalo alioutaja Mzee, na jirani ambaye nguzo mbili ni zake amekubali tupigilie mbao za wima kwa pamoja.

Swali moja tu limebaki, nalo ni kwa FundiWaSitaha: ubao huo wa polithini haukubali gundi. Je, ribiti zinazoshika reli zitatosha kuubana, au niufunge kwanza wenyewe?

FundiWaSitaha

Ufunge kwanza wenyewe kwa ribiti tatu kwa kila mita, vichwa vyake vikiwa vimezamishwa ndani ya ubao ili reli ikae sawasawa juu yake. Matundu ya ubao yawe marefu kwa upande, kwa sababu polithini hurefuka kwa joto hata kuliko PVC. Na kwenye sehemu hiyo nunua ribiti za reli zilizo ndefu zaidi kwa sentimita 1. Usije ukagundua jambo hilo ukiwa umekwisha kutoboa.